Rivyu: WAP ya kulipia dakika, halafu GPRS na Opera Mini, nilivyowaingiza wanaklabu wa chesi kwenye intaneti ya simu

Wadau hii rivyu imechelewa miaka kibao, najua, vitu vyenyewe vingi havipo tena. Ila juzi nimefungua droo nikakuta simu zangu mbili za zamani na chaja zake, moja kichwa kinene nyingine kichwa chembamba, nikakumbuka ile shughuli ya kuwafundisha wanachama wa klabu yetu ya chesi kuingia intaneti kwa simu. Nilifanya mara mbili. Ya kwanza nilifeli vibaya mno, ya pili wakanielewa hadi wakaanza kunifundisha mimi. Na kila nikisikia watu wanasimulia habari za enzi hizo wanasema tu "WAP ilikua nzito" (WAP ndo ile intaneti ya kwanza ya simu, ya kurasa ndogo za maandishi), wanamaliza hapo. Mi nakataa. Nzito ilikua kweli, lakini uzito sio uliotuangusha. Kilichotuangusha ni saa.

Ngoja nianze mwanzo.

Katibu wa klabu ndo alinitokea, akasema kijana tunasikia simu sasa hivi zinaingia intaneti, si utuelekeze tuwe tunaangalia mechi za wakubwa na matokeo bila kusubiri gazeti. Nikasema hamna shida. Nlikua nimejifunza juzi tu, najiona fundi. Simu iliyokua inaongelewa wakati ule ni Nokia 7110, ilitoka 1999, ndo iliyokuja na brauza ya WAP kabla ya wenzake, ina mfuniko unachomoka kwa springi na kigurudumu katikati unakizungusha kupanda na kushuka halafu unakibonyeza kuchagua. Dada mmoja wa klabu alikua nayo. Mimi nlikua na nyingine ya kawaida. Kwa hiyo simu mbili, watu wanane, meza moja.

Kwanza setingi. Leo unaweka laini simu inajijua yenyewe, enzi hizo ulikua unaomba ujumbe wa setingi kutoka kampuni ya simu, ukija unahifadhi, usipokuja unajaza kwa mkono. Wangu haukuja. Nikajaza kwa mkono mbele za watu: namba ya kupiga, jina la mtumiaji, neno la siri, anwani ya lango, yaani kompyuta inayokupitisha kwenda intaneti, ambayo ni tarakimu fungu nne zenye nukta katikati, mlango 9201, aina ya muunganisho, kasi. Ukikosea tarakimu moja simu haikwambii umekosea wapi, inakwambia tu imeshindwa kuunganisha. Nikakosea. Mara ya tatu ikakubali.

Neno "kupiga" hapo juu sijakosea. Hii WAP ya mwanzo ilikua inapiga simu kabisa, kama unavyompigia mtu, tofauti ni kwamba anaepokea ni kompyuta. Mstari unashikwa wote, wako peke yako, kasi kilobiti 9.6 kwa sekunde, na hesabu inaanza pale inapopokelewa hadi utakapokata. Kwa dakika. Ukisubiri unalipa, ukisoma unalipa, ukipiga chafya unalipa.

Sasa fikiria umewawekea watu wa chesi kitu kama hicho.

Mzee wetu mweka hazina ndo nilimpa simu wa kwanza, kwa heshima. Nikamfungulia ukurasa wenye mechi iliyoandikwa kwa hatua, akavaa miwani, akasogeza simu mbali kidogo na uso, akatulia. Mtu wa chesi akiona hatua hajisomei tu kama gazeti, anaijenga bodi kichwani, anaweka kete moja moja, akifika hatua ya kumi na mbili anarudi ya tisa kuangalia kwanini farasi alitoka pale. Dakika ya kwanza ikapita. Ya pili. Mimi nimesimama nyuma yake naona salio langu linayeyuka na siwezi kumwambia mzee harakisha. Mwisho nikasema, mzee, hapo tunalipia kila dakika. Akanigeukia taratibu, "Mwanangu, kwa hiyo nikifikiri nalipa?" Ndio mzee. Akanirudishia simu. "Basi hii saa yenu mbaya kuliko ya mashindano, ile angalau nikimaliza kucheza na ya mwenzangu inatembea."

Hapo ndo darasa lilipofia. Sio kwamba hawakuelewa, walielewa haraka kuliko nlivyotaka. Baada ya hapo kila aliyeshika simu alikua anabonyeza kama ameshika kaa la moto, hataki kujaribu menyu, hataki kufungua linki asiyoijua, akikosea anasema samahani samahani. Na ukweli ni kwamba mtu hajifunzi kifaa bila kukosea kosea, anaingia kusiko anatoka, anabonyeza kitu aone kinafanya nini. Saa ikiwa inatembea hakuna anaechezea.

Halafu nusu saa yote ile mwenye funguo za kabati la bodi alikua ananipigia ananikosa, simu inatumika. Kumbe yuko njiani anauliza kama tunazihitaji. Tukiwa mtandaoni mstari ulikua umeshikwa, hakuna simu inayoingia.

Sasa nisiiponde tu, maana rivyu ni rivyu. WAP yenyewe kama ubunifu ilikua na akili. Ericsson, Motorola, Nokia na Unwired Planet walikaa pamoja 1997 wakaunda jukwaa la kuisimamia, na walijua kabisa kwamba simu haina nguvu, kioo kidogo, mstari mwembamba. Kwa hiyo wakatengeneza lugha yao ya kurasa, WML, ambayo haileti ukurasa mmoja mmoja, inaleta furushi la kadi, kama karata. Ukishapakua furushi unapitia kadi moja baada ya nyingine bila kurudi mtandaoni. Wanaklabu walicheka sana kusikia karata, sisi wa chesi tena. Lakini hiyo ndo ilikua mbinu pekee iliyookoa ile jioni: unaingia, unavuta furushi, unaacha simu ikate mstari yenyewe, halafu unasoma kadi zako kwa raha. Shida furushi lilikua dogo, kwenye 7110 kama kilobaiti 1.4 hivi, basi. Mechi ya hatua arobaini ikiandikwa kwa herufi ni kama herufi 500, kwa hiyo mechi mbili zinaingia na maneno kidogo juu. Kwa maandishi matupu sio mbaya bana.

Picha ndo usiseme. Nyeusi na nyeupe, hakuna hata kijivu. Hapa kuna jambo linaniuma mpaka leo: kioo cha 7110 ni pikseli 96 kwa 65. Bodi ya chesi ni miraba 8 kwa 8. Ukimpa kila mraba pikseli 8 unapata 64 kwa 64, yaani bodi nzima inaingia na mstari mmoja wa pikseli unabaki! Nlivyopiga hiyo hesabu kwenye karatasi nikaona kama Mungu ametuonea huruma. Kumbe nimesahau juu kuna kichwa cha habari na chini kuna maneno ya vitufe, vinakula mistari yao, bodi inakatika miguu. Unaona kete za juu, za kwako ukitaka uzione shuka chini, ukishuka za juu zinapotea. Na farasi wa pikseli nane unamtofautishaje na askofu? Humtofautishi. Unabashiri.

Kuandika anwani nako. Kitufe kimoja herufi tatu au nne, herufi s ni kitufe cha 7 mara nne, ukizidisha mara moja unaipita inakua tarakimu 7, unafuta, unaanza upya. Neno "sataranji" ni mibonyezo 17, nimehesabu. "Chesi" herufi tano tu, mibonyezo 14. Na wakati wote huo kama ulikua umeshaunganisha, saa inatembea. Kwa hiyo nlikua nawaambia andikeni kwanza ndo muunganishe, nusu walikua wanasahau.

Kwa hiyo WAP ya kupiga simu: nyota mbili kati ya tano. Ingekua moja, zile kadi zimeiongezea.

Pembeni kidogo, Japani hawakupitia haya mateso. Kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha i-mode Februari 1999, na wao toka siku ya kwanza hawakuhesabu dakika, walihesabu vifurushi vya data vya baiti 128 kila kimoja. Ile mechi yetu ya herufi 500 ingekua vifurushi vinne. Vinne! Halafu mzee anakaa nayo anaifikiria hadi kesho bure. Mtu asiniambie Wajapani walifanikiwa kwa sababu ya vikatuni na rangi, vilisaidia sawa, ila mtu aliekua na i-mode alikua anaruhusiwa kushangaa kioo bila kudaiwa.

Sasa raundi ya pili. Miaka ikapita, watu wakawa na simu za rangi, klabu ikapata wanachama wapya, na mimi nikawa nimekaa kimya na aibu yangu. GPRS, njia mpya ya kupitisha data kwa simu, ilikua imeshaenea. Tofauti yake kubwa na ile ya mwanzo ni kwamba haishiki mstari. Data inakatwa vipande vipande, vinatumwa pale vinapohitajika kwenye nafasi zilizo wazi, ukiwa unasoma hakuna kinachotumwa na hakuna unachodaiwa. Unalipia uzito ulioupakua. Juu ya kioo simu nyingi zilikua zinaonyesha herufi G, ikiwa EDGE, ndugu yake mwenye kasi zaidi, inakua E, unaweza kukaa nayo pale juu siku nzima.

Kasi nayo ilipanda, kwa simu za wakati ule kwenye hali ya kawaida unapata kilobiti 30 hadi 40 kwa sekunde, mara nne ya zamani. Lakini tupige hesabu (kilobaiti moja ni kilobiti nane), kurasa za intaneti za kompyuta zilikua zimenenepa, ukurasa wa kilobaiti 100 ni wa kawaida tu. Kwa ile WAP ya kwanza, kama ingeweza kuufungua, ni sekunde 80 na kitu. Kwa GPRS ya kilobiti 40 ni sekunde 20 ukiwa na bahati. Bado ni muda wa kunywa maji. Na ukilipia kwa uzito, kilobaiti 100 kila ukibonyeza linki inauma.

Ndo ikaja Opera Mini, brauza ya simu ya kampuni ya Opera. Ilifunguliwa kwa dunia nzima tarehe 24 Januari 2006, na mimi nlikua nayo kabla mwaka haujafika katikati. Yenyewe ni kiprogramu cha Java, yaani aina ya programu ndogo zilizokua zinaendeshwa na simu nyingi za wakati ule, hata simu isiyo ya maana sana ilimradi ina Java inakibeba. Ujanja wake: simu yako haiendi kwenye tovuti. Inaiambia seva ya Opera nataka ukurasa fulani, seva ndo inaenda, inaufungua wote kama kompyuta, inaupunguza, inazisaga picha zinakua ndogo, inaupanga upya uingie kwenye kioo chembamba, halafu inakutumia kifurushi kimoja kidogo. Wanasema inapunguza mpaka asilimia 90. Ule wa kilobaiti 100 unakua 10. Sekunde mbili, ongeza ile kusubiri ya kawaida ya GPRS kabla kitu hakijaanza kushuka, tuseme nne. Mimi nlivyoona mara ya kwanza ukurasa mzima wa kweli, sio wa WAP, umekaa kwenye kioo cha simu yangu, nilienda kumtafuta katibu mwenyewe bila kuitwa.

Safari hii nilijipanga. Setingi nilizifanya nyumbani mapema, kila mtu niliomba simu yake siku moja kabla. Hii ndo sehemu mbaya ya huduma yote na hapa ndo naikata nyota. Kuna setingi za WAP na kuna setingi za intaneti, jina la sehemu ya kuingilia ni tofauti, na Opera Mini kwenye simu nyingi ilikua inataka ile ya intaneti wakati simu imejiwekea ya WAP. Unafungua programu inasema imeshindwa kuunganisha, mtu anadhani programu mbovu anaifuta. Kampuni moja ya simu, siitaji, niliwapigia huduma kwa wateja mara tatu nikapewa majibu matatu, wa tatu akaniuliza kwani Java ni nini. Na zile ruhusa! Kila ukifungua simu inauliza, ruhusu programu itumie mtandao? Ndio. Ruhusu? Ndio. Simu nyingine unaingia kwenye mipangilio ya programu unachagua iulize mara moja tu, nyingine haina hiyo, inakuuliza hadi unazeeka.

Ila jioni yenyewe sasa, aisee. Nilianza na mzee yuleyule mweka hazina, kwa makusudi. Nikampa simu, nikamfungulia mechi, nikamwambia mzee, ikishafunguka hiyo ni yako, kaa nayo utakavyo. Akaniangalia kwa kutoniamini. Akasoma hatua tano akasimama akaniuliza, sasa hivi tunalipa? Hapana mzee. Akasoma tena. "Na sasa hivi?" Hapana. Akavuta kiti, akaagiza bodi, akaanza kupanga kete. Tulimwacha hapo zaidi ya saa nzima na ukurasa mmoja.

Wengine ndo wakaanza kubonyeza ovyo, na ndo nlichokitaka. Dada wa 7110, sasa ana simu mpya, aligundua kwamba ukizima picha kwenye mipangilio kurasa zinakua nyepesi zaidi, hakuambiwa na mtu, alikua anazurura tu kwenye menyu. Kijana mmoja alifungua tovuti yenye bodi inayocheza hatua zenyewe ukibonyeza mshale, ikagoma, maana yale mambo ya bodi kutembea yanahitaji programu ndani ya ukurasa na Opera Mini ya wakati ule hayo ilikua inayaweza kidogo sana. Akazunguka zunguka akakuta chini kabisa kuna hatua zilezile kwa maandishi. Tatizo limeisha. Kwa mtu wa mpira hiyo ingekua hasara, hana goli la kuangalia, kwa mtu wa chesi mchezo wote ni maandishi.

Kulipia kwa uzito nako kuna mtego wake na lazima niseme. Dakika unaziona, kilobaiti huzioni. Mwenzetu mmoja alirudi nyumbani akaona aachane na Opera Mini, akafungua tovuti kubwa yenye mapicha kwa brauza iliyokuja na simu, asubuhi salio sifuri akanipigia kwa hasira kama mimi ndo nimekula. Nilimwelekeza kwenye kaunta ya data ndani ya simu, ilikuwepo muda wote imejificha chini ya kumbukumbu za simu zilizopigwa, unaifuta unaanza upya, unafungua ukurasa, unarudi kuangalia umekula ngapi. Baada ya hapo ikawa mchezo klabuni, nani amefungua matokeo yote ya wiki kwa kilobaiti chache. Wazee wazima wanabishania kilobaiti!

Kingine niliwaonya, na hiki sio cha kutisha watu bure. Kwa kuwa seva ya Opera ndo inaufungua ukurasa kwa niaba yako, hata kurasa zile zilizofungwa kwa usiri zinafunguliwa kule katikati kwanza ndo zinafungwa tena kuja kwako. Kwa hiyo kuangalia mechi, sawa, kusoma barua pepe, utajua mwenyewe, mambo ya benki nilisema hapana. Mweka hazina aliuliza swali zuri, kwa hiyo kuna mtu katikati anasoma? Nikamwambia mzee, kuna kompyuta katikati, na kompyuta ina wenyewe. Akaridhika, ila hesabu za klabu hazikuwahi kugusa ile simu.

Simu ikiingia ukiwa kwenye GPRS, data inasimama kidogo, unaongea, ukikata inaendelea. Mwenye funguo za kabati safari hii alitupata.

Betri ilikua inakwisha haraka zaidi, sio sana.

GPRS na Opera Mini kwa pamoja naipa nyota nne. Nyota moja imeondoka na zile setingi na yule wa Java ni nini. Kama ningekua naipima kwa kioo na kasi peke yake ningetoa tatu, maana bodi yenye picha bado ilikua inapondekapondeka, nguzo moja ndefu unashuka nayo kama kamba ya kisima.

Simu ya mzee ndo moja ya hizi mbili za kwenye droo, aliniachia aliponunua nyingine. Nimeichaji imewaka. Alamisho zake zote bado zipo, kila moja ina jina la herufi moja, a, d, g, j, m, p, t, w. Nikajiuliza mbona anaruka ruka, b iko wapi, s iko wapi, nikaangalia vitufe ndo nikaelewa: amechagua zile za mbonyezo mmoja tu.